Pikipiki ya Mkwe

Mwezi uliopita nilivuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kwa daraja, na nilivuka bila kujua kwamba nimeshavuka. Dereva alikuwa ananipa habari za mpira, mimi natafuta miwani kwenye mkoba, kuinua kichwa, tuko ng'ambo. Nikamwambia asimame kidogo. Akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?" Nikamjibu hapana, nataka tu kuyaangalia maji. Akanishangaa. Utamweleza nini kijana wa sasa? Kwamba hapa palikuwa panakula siku nzima ya mtu, kwamba watu walipika wakala huku wakisubiri pantoni, na kwamba mimi niliwahi kupita hapa nimekaa ndani ya sanduku la nyuzi lililofungwa ubavuni mwa pikipiki, na aliyekuwa anaendesha ni mama yangu mzazi, khanga kiunoni.

Najua huniamini. Hata wanangu nikiwasimulia wanatazamana. Kaa basi nikueleze vizuri.

Tulikaa Igoma, wakati ule Igoma ikiwa bado na mashamba ya mihogo katikati ya nyumba, na mawe makubwa tuliyoanikia dagaa asubuhi na kuteleza juu yake jioni mpaka gauni linatoboka nyuma. Baba na mama wote walikuwa watu wa kiwanda cha nguo. Baba alikuwa fundi wa mitambo, mama mfumaji. Walikutana humo humo, kwenye kelele, na kelele ile ikawala masikio. Nyumbani kwetu watu waliombana chumvi kwa sauti ya ugomvi. Na wakitaka kusema jambo ambalo sisi watoto hatukutakiwa kulisikia, hawakunong'ona. Walisema kwa vidole na midomo, maana mbele ya mashine za kufuma zikipiga zote kwa pamoja hakuna amsikiaye mwenzake, na wafumaji walikuwa na lugha yao. Nilikuwa nakaa kizingitini na bakuli langu la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, namtazama mama akipepeta vidole, baba anajibu kutoka uani, halafu wote wawili wanacheka. Walikuwa wanasema nini? Mpaka leo sijui.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Ruksa hiki, ruksa kile. Mitumba ikamwagika sokoni, mashati ya Ulaya yenye vifungo vyote, na nani tena angenunua kitambaa cha kwetu aende nacho kwa fundi cherehani? Kiwanda kikaanza kupunguza watu. Kwetu walipunguzwa wote wawili, wiki moja. Baba alirudi na mkokoteni wa vyuma chakavu walivyoruhusiwa kuchukua, na juu yake sanduku kubwa la mbao ambalo zamani lilikuwa la kubebea nyuzi kutoka chumba hadi chumba. Mama alirudi mikono mitupu. Akaanza kukaanga mapanki na kuyauza kando ya barabara ya Musoma. Mapanki, kama ulikulia mbali, ni mifupa ya sangara inayobaki viwanda vya samaki vikishachukua minofu kuipeleka kwa wenzetu huko. Sisi tulibakiziwa vichwa na miiba, na nakuapia vilikuwa vitamu. Lakini mama alinyamaza. Vidole vyake vikawa vya kugeuzia samaki tu, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuuzoea.

Sasa, bibi yangu mzaa mama alikuwa ng'ambo, mwendo kidogo kupita Busisi. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili kabla mimi sijazaliwa. Kila likizo nikipelekwa kwake alinikamata uso kwa viganja vyake, viganja vinavyonuka moshi na karanga mbichi, akanipitia paji, pua, masikio, kidevu, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Watu wote walisema nimefanana naye, ni yeye mtupu. Bibi alikuwa anacheka kwa uchungu: "Wa kufanana naye ni mimi, na asiyeona ni mimi." Basi mtoto wa miaka kumi ana matamanio yake. Wenzangu walitaka viatu vya Krismasi. Mimi nilitaka bibi yangu anione. Nilikuwa nalilia jambo hilo peke yangu nyuma ya mawe, na sikumwambia mtu.

Ndipo siku moja kanisani wakatangaza kwamba madaktari wa macho watakuja hospitali kubwa ya kule mlimani kwa wiki moja tu, baada ya mavuno ya pamba, na wenye mtoto wa jicho waletwe. Watakuja tena lini, hakuna aliyejua. Mama alitoka kanisani amenishika mkono, ananibana mpaka vidole vinauma. Alikuwa anawaza ninachowaza mimi.

Lakini bibi angefikaje? Miaka michache nyuma alianguka kisimani akavunjika nyonga, ikaunga vibaya. Hakuweza kukaa wima, hakuweza kupanda ngazi ya basi. Walishawahi kumjaribu kwenye lori la pamba; kufika Busisi tu alikuwa ameshalia mpaka wakamshusha, wakamrudisha kwa machela. Gari la kukodi lilikuwa la watu wengine, si sisi. Baba akasema, "Nitamletea pikipiki." Mama akamtazama kama aliyepagawa. "Pikipiki? Mama yangu akushike kiuno?"

Hapo lazima nikueleze, maana vijana wa leo wanakumbatiana na wakwe zao kwenye sherehe na kupiga picha. Kwetu mkwe alikuwa mkwe. Baba alikuwa amemwoa mama miaka mingi na hajawahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Akienda kule alikaa nje, upande wa zizi, akasalimia kupitia ukutani, "Shikamoo mama," na bibi akaitikia kutoka ndani, "Marahaba baba, wazima huko?" Wakikutana njiani, baba aliingia porini. Kweli kabisa, aliingia kwenye mtama wa watu akasimama humo mpaka bibi apite. Na bibi haoni! Mama alishamwambia, "Mwenzangu, unajificha nini, hakuoni." Baba akajibu, "Lakini mimi namwona."

Kwa hiyo baba alipokaa chini na kipande chake cha mkaa, akachora ukutani mwa jiko, hakuchora pikipiki ya kawaida. Alichora pikipiki yenye kigari ubavuni, chenye gurudumu lake, kirefu cha kutosha mtu kulala nusu, nyonga ikapumzika. Na kati ya dereva na kigari, akachora pazia.

Jiko ndilo likawa gereji. Mama alihamishiwa mafiga nje, chini ya kipande cha bati, naye hakupinga, alinuna tu. Injini ilitoka kwa bwana mifugo, ambaye pikipiki yake ya kazi ilitumbukia korongoni ikawekwa nyuma ya banda la kuku mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye tangi. Baba alibadilishana naye kwa redio yetu. Niliililia ile redio, lakini nililia kwa kiasi, maana nilijua inakwenda wapi. Na ajabu, redio ilipoondoka ndipo nyumba ilipoanza tena kuwa na sauti. Asubuhi niliamshwa na msumeno wa chuma, mchana ni nyundo, jioni ni tupa, kwaa-kwaa, kwaa-kwaa, sauti ya kupigia usingizi kabisa. Mpaka leo nikisikia mtu anapiga tupa macho yanakuwa mazito, na puani nasikia grisi, mafuta ya taa, na mlenda unaochemka kwa mbali.

Fremu ilirefushwa kwa bomba la kitanda. Mnyororo ulikuwa wa mashine ya kufuma. Lile sanduku la nyuzi ndilo likawa kigari, na ndani yake mama, akiwa bado amenuna, alishona godoro la pamba, pamba yetu hii ya Usukuma, akaijaza mwenyewe kwa mikono. Nilimwona akiingiza mkono kwenye pamba akauacha humo muda mrefu, macho yake hayapo pale. Rangi tulipewa na katekista, iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa, bluu. Watoto wa mtaa wakawa wanapita wanafanya ishara ya msalaba, mashetani wale.

Kulikuwa na kitu kimoja tu kilichokosekana. Mkono wa klachi, ule wa kwenye usukani, ulivunjika korongoni na haukupatikana Mwanza nzima. Baba hakuhangaika. Alichukua mkono mrefu wa chuma kutoka kwenye vyuma vyake chakavu, mkono wa mashine ya kufuma, akaupachika kando ya tangi. Kule kiwandani, mfumaji akiuvuta mkono ule kuja kwake, mashine inaanza. Akiusukuma mbele, mashine inaachia na breki inabana hapo hapo. Baba akaufunga vivyo hivyo. Kuvuta ni kwenda, kusukuma ni kusimama. Kwake hilo lilikuwa jambo la wazi kama kula kwa mkono wa kulia, wala hakuona sababu ya kumweleza mtu. Aliijaribu ikiwa juu ya matofali, gurudumu likizunguka hewani, akatabasamu, akasema imekubali.

Basi ikafika Jumapili, kesho yake madaktari wanaanza. Baada ya misa mtaa mzima ulijaa uani kwetu. Jirani yetu alikuwa fundi pikipiki, mtu wa maneno mengi, aliyekwenda Bukoba na kurudi kwa pikipiki, kwa mujibu wake, bila kuweka mguu chini. Akamwambia baba, "Mzee, wewe ni mtu wa mashine zinazosimama. Hii niachie mimi niipime barabarani." Baba, mtu mpole, akampisha.

Jirani akapiga kiki. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikakohoa, mara ya tatu ikawaka, na moshi wa bluu ukatujaa machoni tukashangilia. Akauliza, "Klachi ndiyo hii?" Baba akaitikia ndiyo. Jirani akashika ule mkono akauvuta, kama anavyovuta kila mwendesha pikipiki akitaka kuitoa injini kwenye gurudumu. Weee! Ikaruka. Na kadiri ilivyozidi kwenda ndivyo alivyozidi kuvuta, maana mwenzio ndivyo mkono wake ulivyofundishwa: ukiogopa, vuta. Akapita kwenye mihogo ya mama mmoja, akapita kwenye kamba ya nguo akaondoka na shuka, anapiga kelele, "Inakataa! Inakataa!" Baba akakimbia mbele yake, akasema kwa ile sauti yake ya kiwandani, "Sukuma! Sukuma!" Jirani akadhani watu wanaambiwa waje wasukume. Baba akarukia usukani. Ikazima kwenye jiwe, taratibu tu, haikuvunjika hata kioo. Kilichovunjika ni mkono wa baba.

Watu walicheka, sitaki kukudanganya, mpaka walipouona ule mkono umekaa vibaya. Jirani alishuka ana shuka shingoni, akasema, "Hii si pikipiki, hili ni jini," akaenda zake, na hakuipanda tena mpaka anahama mtaa. Vijana wawili wengine wenye uzoefu walijaribu kesho yake baada ya kuelezwa. Wakaelewa kwa kichwa, wakasema sawa, sawa, tumeelewa. Lakini ikifika mahali pa kuogopa, mkono unavuta. Wa pili aliishia kwenye banda la mbuzi.

Jumatatu ikaisha. Jumanne baba alikuwa amekaa kizingitini na mkono kwenye plasta. Madaktari walikuwa wanapokea watu mpaka Alhamisi asubuhi. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mawe, nalia safari hii bila kiasi, kwa sababu nilishajiona kabisa nimesimama mbele ya bibi na macho yake yananitazama, na sasa basi.

Niliposikia injini inawaka nikafuta uso nikachungulia. Alikuwa mama. Alikuwa ametoka kwenye mapanki, mikono bado inang'aa mafuta, amejifunga khanga mbili, moja juu ya nyingine, kisawasawa. Amekaa juu ya ile pikipiki kama amekaa juu ya kigoda. Hakuwa amewahi kuendesha hata baiskeli. Akaufuta ule mkono wa chuma kwa upindo wa khanga, akaushika, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyefika nyumbani. Akavuta. Ikaondoka. Akaenda mpaka kwenye mihogo, akasukuma. Ikasimama. Akavuta, akasukuma. Mbuzi akamkatiza ghafla, mtu mzima yeyote angeruka, na mkono wa mama ukasukuma kabla yeye mwenyewe hajajua kuna mbuzi. Miaka yote ya ujana wake, uzi ukikatika, sekunde hiyo hiyo alikuwa anasukuma. Mkono haukusahau.

Baba alisimama. Akainua mkono wake mzima akasema kitu kwa vidole. Mama, akiwa juu ya pikipiki, akajibu kwa vidole. Wakacheka mpaka baba akashika ubavu. Nilikuwa sijawaona wakicheka hivyo tangu kiwanda kiwaache.

Jumatano alfajiri tukaondoka. Kigari kikiwa kitupu kinainuka kwenye kona, kwa hiyo nilitiwa mimi ndani, pamoja na jiwe la kusagia, tuwe uzito. Tulipita njia ya vumbi ya Kishiri, tukatokea Buhongwa jua linachomoza, watu wanatoa mikokoteni, na kila tulipopita mtu alisimama na mswaki mdomoni. Mwanamke juu ya pikipiki! Wazee wengine walitema mate, wanawake wakapiga vigelegele. Mama hakugeuza shingo. Mimi nilikuwa nimelala kwenye pamba, naangalia mawe yakipita juu yangu, mawe yaliyokaa juu ya mawe, na matawi, na mbingu nyeupe. Kama pepo ipo, basi nadhani utakwenda huko hivyo hivyo, umelala, mtu wako yuko mbele anaendesha.

Kwenye pantoni ya Kigongo walibishana. Mmoja alisema tukae na magari, mwingine na baiskeli. Tukawekwa katikati, kati ya lori la pamba na ng'ombe saba. Upepo wa ziwa ulikuwa wa baridi na mtamu, unanuka samaki na matope.

Kwa bibi wajomba walimbeba wakamlaza kwenye kigari. Alipapasa godoro, akapapasa mbao, akafika kwenye pazia akalishika. "Hili la nini?" Mama akamweleza. Halafu akasema, "Lakini naendesha mimi, mama, ngoja nilikunje upate hewa." Bibi akamzuia. "Liache. Mkwe wangu ameliweka kwa heshima, litakaa."

Tukarudi hivyo, bibi ndani ya pazia, mimi nyuma ya mama nimemkumbatia. Katikati ya maji bibi akaniita. "Ng'wana wane, mwanangu, maji yana rangi gani?" Nikamwambia ya kijani. "Na huko mbali?" Huko mbali yana rangi ya bati, nikasema, bati jipya. "Yalikuwa hivyo hivyo," akasema, kwa sauti ya kuridhika, kana kwamba aliacha kitu kwa watu wakamtunzia. Sijui safari ile ilichukua saa ngapi. Kwangu mimi haijaisha.

Alhamisi wakamfanyia upasuaji wa jicho moja. Ijumaa asubuhi muuguzi akaja kufungua bandeji, na mama akanisogeza mbele. Nilikuwa nimevaa gauni la kipaimara la binamu yangu, kubwa, nimepakwa mafuta mpaka nang'aa.

Bibi alipepesa. Akatazama dirisha kwanza, muda mrefu, machozi yakimtoka. Akamtazama mama. "Ah. Umezeeka, mwanangu." Kisha akashuka kwangu. Hakunishika. Hiyo ndiyo ilikuwa ajabu, mikono yake ilikaa juu ya shuka, ametulia, ananitazama tu. Akapita paji, pua, masikio, kidevu, safari hii kwa jicho, na mimi nikasimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kukohoa. Hatimaye bibi akacheka, kicheko cha utani wa bibi na mjukuu wake, "Hee! Hiyo pua kumbe nimekupa mimi? Nisamehe sana. Ungeniambia mapema ningekutafutia nyingine." Wodi nzima ikaangua kicheko, mama akalia, na mimi nikawa nacheka na kulia pamoja, makamasi mpaka mdomoni. Na kweli sijawahi tena kufurahi namna ile. Nimeolewa, nimezaa, nimejenga. Namna ile, hapana.

Halafu bibi akauliza mkwe wake yuko wapi. Mama akamwambia yuko nje ya wodi, amegeukia ukuta. Bibi akafikiri. "Mwambie apite hapo dirishani. Asigeuke. Apite tu." Nikatumwa mimi. Baba akasikiliza, akafunga kifungo cha shingo kwa mkono mmoja, akapita. Alitembea polepole katika jua, uso mbele, plasta yake kifuani, hatazami upande wetu hata kidogo. Bibi akamsindikiza kwa lile jicho mpaka mwisho wa dirisha. "Basi," akasema. "Nimemwona aliyenibeba." Ni kinyume cha desturi, mwenyewe alijua.

Pikipiki ile ilibeba mapanki na mama zangu wadogo na wagonjwa wa mtaa kwa miaka michache. Baadaye injini ikaenda kusaga mahindi kwa watu, sanduku likalaliwa na kuku, na ule mkono wa chuma sijui ulipotelea wapi. Kiwanda ni maghala sasa. Palipokuwa na jiko letu pana duka la vifaa vya ujenzi. Baba tumeshamzika. Mama yupo, anasikia kwa shida zaidi kuliko zamani, na hana tena wa kuongea naye kwa vidole, kwa maana sisi watoto hakuna hata mmoja aliyeona haja ya kujifunza. Hilo linaniuma kuliko pikipiki.

Bibi aliishi misimu minne ya pamba akiwa na jicho lake moja. Alifariki nikiwa shule, sikuwahi kumuaga.

Juzi mwanangu wa mwisho aliniuliza, mama, ulikuwa unafananaje ulipokuwa mdogo kama mimi? Akataka picha. Nikamwambia hakuna. Hatukuwahi kupiga, kamera ilikuwa mjini, na mjini tulikwenda kwa shida tu. Kioo chetu kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, ambacho baba alinyolea ndevu. Mama nimemuuliza, anasema, "Ulikuwa mtoto tu, mwembamba," basi. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kunitazama vizuri nikiwa na miaka kumi, kila sehemu, bila haraka, kama kitu alichokisubiri. Aliondoka nayo sura ile, na mimi mwenyewe sijawahi kuiona.